Stempu mpya zilinila hela, zilizotumika ndo zikanifundisha

Baba mkubwa wangu alifariki 2015, na baada ya arobaini tukakaa pale Magomeni kugawana vilivyobaki, mmoja akachukua redio, mwingine cherehani, mi nikaambiwa wewe unayependa makaratasi chukua hilo sanduku. Sanduku la bati, lina kutu kwenye kona, limekaa chini ya kitanda miaka na miaka. Na kweli napenda makaratasi, nina kibanda cha steshenari na fotokopi Kisutu, kutwa nzima nadurufu vyeti vya kuzaliwa na kulamineti vitambulisho, kwa hiyo hakuna aliyeona nimedhulumiwa.

Ndani kulikuwa na barua, zimefungwa mafungu mafungu kwa uzi wa katani. Marehemu alifanya kazi reli tangu enzi za mkoloni na marafiki zake walitapakaa kote reli ya kati inakopita, Morogoro, Dodoma, Tabora, Kigoma, wengine wakahamia pembeni huko wakaoa, basi wanaandikiana. Bahasha za kuanzia 1956 mpaka 1974. Zile za zamani zina simba, twiga, tembo, bwawa la Owen Falls, na kichwa cha Malkia Elizabeth, maneno juu Kenya Uganda Tanganyika. Za baadaye zina samaki wale wa seti ya Desemba 1967, halafu vipepeo vya 1973. Wakati huo sikuwa najua seti ni nini, kwamba ni stempu za toleo moja, wala mwaka gani ilitoka nini, nimeona tu picha nzuri nikasema hizi nitazikusanya.

Sasa ngoja niwaambie nilichofanya, na naomba msinicheke sana.

Nilisoma mahali kwamba stempu inabanduliwa kwa maji. Jumapili moja nyumbani Mtoni nikachukua beseni la kufulia, nikajaza maji, nikaanza kuchana zile bahasha kona moja moja, chwaa, chwaa, nachana haraka haraka ile kona yenye stempu naitupia kwenye beseni, bahasha iliyobaki naitupa kwenye mfuko wa taka. Barua zenyewe nilizibakisha kidogo kwa heshima ya marehemu, bahasha hapana. Kulikuwa na bahasha za ndege zile zenye mistari myekundu na ya bluu pembeni, nazo humo humo, baada ya dakika kumi maji yakawa ya waridi na Malkia akawa wa waridi. Zingine zilichelewa kubanduka nikazivuta kwa kucha, nyuma zikachubuka. Kisha nikazianika juu ya gazeti, wino wa gazeti ukahamia. Na kwa kuwa mashine ninayo kibandani, kesho yake tano zilizonipendeza zaidi nikazilamineti. Ndiyo, nilizilamineti. Zinang'aa mpaka leo, hazina thamani ya hata nusu chapati.

Nilikuwa na mteja wangu mzee mmoja wa Upanga, Mhindi wa hapa hapa mjini, kila mwezi anakuja kutoa kopi za risiti zake, na mara moja moja nilimwona na bahasha ndogo za karatasi laini inayoonyesha ndani, zina stempu. Nikamwekea zangu kwenye daftari nikamsubiri kwa hamu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Leo una nini?"

Akafungua daftari. Akafungua ukurasa wa pili. Akatoa kibano mfukoni, akainua stempu moja ya simba, akaigeuza, akaitazama nyuma, akairudisha. Hakusema kitu. Akafika kwenye moja iliyobaki na kipande cha muhuri, herufi tatu tu zinasomeka, PWA, na chini yake 58. Hapo ndo akaniangalia.

"Bahasha iko wapi?"

Nikamwambia nimetupa.

"Zote?"

"Zote mzee."

Akafunga daftari taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Akaniambia hii ilikuwa Mpwapwa. Simba huyu zilichapishwa nyingi mno, kila mtu anaye, hata ukinipa bure sina pa kumweka. Lakini bahasha nzima, yenye simba juu yake, muhuri wa mji mdogo unaosomeka jina lote na tarehe yote, imetoka Mpwapwa 1958 ikaja Dar kwa mfanyakazi wa reli, hiyo kuna watu wanaitafuta. Stempu ni ile ile, wewe umechukua ganda ukatupa chungwa.

Siku ile sikula mchana. Usidhani kwa ajili ya hela, kilichoniuma ni kwamba baba mkubwa alizitunza miaka sitini halafu mi nimezimaliza kwa asubuhi moja na beseni.

Basi ndo ikaanza shule, na darasa la kwanza ni kwamba stempu iliyotumika thamani yake kubwa iko kwenye ule muhuri, wakati mi nilikuwa nauona kama uchafu. Muhuri wenyewe kazi yake ilikuwa kuzuia wizi. Stempu ya kwanza duniani, ile nyeusi ya Uingereza ya 1840, walikuwa wanaipiga muhuri mwekundu, watu wakaanza kuufuta ule wekundu na kubandika tena stempu ile ile, ndo 1841 wakageuza, stempu ikawa nyekundu na muhuri mweusi. Kumbe janja janja haikuanzia Kariakoo. Sasa kwa mkusanyaji muhuri una sura mbili. Kama unakusanya picha ya stempu unataka muhuri mwepesi, umegusa kona tu, simba anaonekana uso. Kama unakusanya mihuri yenyewe unataka umekaa katikati, duara zima, jina la mji na tarehe vinasomeka bila kukodoa macho. Ule uliosambaa kama tope kuficha kila kitu haumfai yeyote. Na meno ya pembeni lazima yawe kamili, na nyuma pasiwe pamechubuka, maana mjuzi anageuza nyuma kwanza kabla ya kutazama mbele, kama ununuavyo embe.

Ungedhani hapo nimetulia. Wapi. Mi nikasema kama zilizotumika zina mambo mengi hivi basi nitanunua mpya, mpya ni mpya bana, haina muhuri haina mchubuko, itapanda bei tu. Hii akili wanaoanza wengi wanayo na ndo iliyonila.

Nikapata jamaa kwenye grupu la watsapu, ana seti za Tanzania za miaka ya mwisho ya 80 na 90, dinosaria, ndege, magari, wanamuziki wa Marekani, nzuri mno kwa rangi, anasema ni mpya hazijawahi kubandikwa, nikampa elfu themanini tukakutana kituo cha Gerezani. Nyumbani nikaziangalia vizuri, kweli nyuma gundi ipo yote inang'aa, lakini mbele kwenye kila kona kuna kijipinde cha muhuri mweusi. Nikashangaa, imegongwaje muhuri na gundi bado ipo? Nikapanga nne pamoja mezani, kona kwa kona. Vile vijipinde vinne vikaungana vikawa duara moja kamili, safi, kama limechorwa na bikari. Yaani ule muhuri haukugongwa na karani yeyote kwenye kaunta yoyote, uligongwa kwenye shiti nzima kabla stempu hazijachanwa, kwa oda, ziuzwe bei ya chini kwa wakusanyaji wa nje. Nchi nyingi zilifanya hivyo na ya kwetu ikiwemo, kupitia mawakala wa huko nje. Ni sawa na mtu paspoti yake imejaa mihuri ya uhamiaji na yeye hajawahi kuvuka hata Kigamboni.

Mzee alipoziona alicheka mpaka akatoa miwani. Akasema mpe mtoto, mtoto atafurahi dinosaria. Na hilo ni kweli kabisa, mpwa wangu anazo mpaka leo na anazijua majina kuliko mi.

Nikahamia kwenye mpya za ukweli. Zingine nilinunua Posta pale Azikiwe kwa bei iliyoandikwa juu yake, hapo hujapunjwa, na za zamani nilinunua kwa mzee mwenyewe kidogo kidogo. Kubwa kuliko zote ilikuwa seti ya vipepeo vya 1973, mpya, gundi yake haijaguswa, haijawahi kuwekwa kile kikaratasi cha gundi ambacho watu wa zamani walitumia kubandikia stempu kwenye albamu. Hapo ndo nikaelewa kitu cha ajabu kidogo. Mpya yenye alama ya kikaratasi nyuma na mpya isiyo na alama, mbele ni pacha, huwezi kuzitofautisha, lakini bei zinaachana sana. Yaani unalipia mgongo. Unanunua kitu kizuri hivyo halafu hela nyingi inaenda kwenye upande ambao ukishaweka albamu huutazami tena! Mi mpaka leo naona ni wazimu lakini soko ndo lilivyo, ukinunua mpya umenunua gundi.

Na gundi na Dar es Salaam haziivani.

Niliziweka kwenye mifuko ya nailoni, moja juu ya nyingine, nikazilaza kwenye droo, juu yake nikaweka madaftari nikidhani nazinyoosha. Masika ya 2018, mnajua chumba cha Mtoni masika kinavyokuwa, shuka lina unyevu, chumvi inageuka uji. Mwezi wa tano nikafungua droo. Vipepeo vyote vimeshikana, kipepeo wa chini amembandika mgongoni kipepeo wa juu, fungu zima limekuwa kama biskuti. Nikaingiza ukucha polepole nikasikia karatasi inalia tss, nikaacha. Nilikaa kitandani na lile fungu mkononi nikaliangalia dakika nyingi. Njia niliyoiona ni moja tu, beseni. Nikazilowesha, zikaachiana vizuri tu, zikakauka vizuri safari hii kwenye karatasi nyeupe, rangi zipo, meno yapo. Gundi imeenda na maji.

Nikampelekea mzee nikamuuliza sasa hizi tuziite nini. Akasema sio mpya, maana hazina gundi, na sio zilizotumika, maana hazina muhuri, hizi ni kama mtu aliyeachika kabla ya harusi. Zinauzwa, ila kwa bei ya huruma. Halafu akanionya kuna watu wanazipaka gundi upya stempu kama hizo na kuziuza kama mpya safi, kwa hiyo usimuamini mtu kwa kung'aa kwa mgongo. Na kuna wizi wa upande wa pili pia. Zile stempu za Afrika Mashariki za bei kubwa, za shilingi ishirini, za pauni, zilikuwa zinatumika kwa posta na kwa ushuru pia, zinabandikwa kwenye hati na mikataba, zinafutwa kwa kalamu au kwa muhuri wa kampuni. Iliyosafiri kwa posta ni ghali, iliyotumika kwenye hati ni rahisi sana, basi wajanja wanaosha wino wa kalamu wanagonga muhuri wa posta wa kughushi. Akanionyesha moja chini ya lenzi, chini ya duara la muhuri ukiinamisha kwenye mwanga unaona kivuli cha saini ya mtu, hafifu, kama alama ya kiwiko kwenye meza ya vumbi. Mi ningelipa hela ndefu kwa ile.

Kuna siku nilimbana anipe jibu moja, zipi zina thamani, mpya au zilizotumika? Mzee akavuta kile kitabu chake cha bei cha Stanley Gibbons, kimechoka, kimeshikwa na selotepu. Safu mbili za bei, ya kwanza mpya ya pili zilizotumika. Nyingi kweli za kwanza ni kubwa. Akasema sasa usikimbilie. Kwanza ile bei ya chini kabisa unayoiona kila mahali si bei ya stempu, ni gharama ya muuzaji kuitafuta na kukufungia, ukienda kumuuzia yeye hakupi hiyo. Pili angalia hii. Akanionyesha za Ujerumani za 1923, mwaka hela yao ilipoporomoka mpaka stempu ikaandikwa mabilioni ya maki. Zilichapishwa nyingi, bei zikapanda haraka kuliko wanavyoweza kuzitumia, zikabaki mpya marundo kwa marundo. Kwa hiyo pale safu imegeuka, nyingi mpya hazina kitu, iliyotumika kweli kwa wakati wake ndo ghali, na ndo maana mihuri yake inaghushiwa sana. Tatu, akasema, ile stempu ya senti moja ya British Guiana ya 1856 iliyouzwa New York 2014 karibu dola milioni tisa na nusu, imekatwa kona, ina muhuri, na ina herufi za karani aliyesaini juu yake kwa kalamu. Imetumika. Ingekuwa ni mpya peke yake ndo mali, hiyo ingekuwa takataka.

Mtu akiniuliza leo aanze na zipi namwambia zilizotumika, na sina maneno mengi ya kutetea zaidi ya haya. Kwa elfu tano unapata fungu la kukuweka bize mwezi mzima, unajifunza kulowesha, kukausha, kusoma muhuri, kutofautisha rangi, na ukiharibu umeharibu ya mia mbili. Mpya ukiiharibu, na kwa hali ya hewa yetu utaiharibu, umetupa hela ya kodi. Ukishindwa kujizuia kununua mpya basi simamisha albamu usiilaze, weka mbali na ukuta wa nje, na vile vipaketi vya chengachenga za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usitupe, tia humo kwenye droo. Kulowesha, maji ya vuguvugu kwenye sahani, sio beseni, dakika ishirini bila kuivuta, itaelea yenyewe. Bahasha ya rangi iloweshe peke yake. Zile mpya za kujibandika kama stika mara nyingi maji hayasaidii, kata na karatasi yake iache. Na bahasha ya zamani usiguse kabla hujaonyesha mtu. Hilo la mwisho ningelichora ukutani.

Mi mwenyewe sasa nakusanya bahasha zilizosafiri. Na tatizo lake hakuna anayeandika barua. Kinachokuja kwenye masanduku ya ofisi hapa Kisutu kina lebo ya mashine, stempu ya kubandika ni ya kubahatisha, kwa hiyo za miaka hii unazipata mpya kirahisi kuliko zilizotembea kweli. Ikabidi nizitembeze mwenyewe. Mwaka jana nilinunua mbili za wanyama, nikazibandika kwenye bahasha nzuri nyeupe, nikaandika jina la dada yangu aliyeolewa Makambako, nikaenda kaunta Azikiwe nikamwomba dada wa pale anipigie muhuri taratibu usome wote. Akanitazama, akafuta muhuri kwenye karatasi, akaujaribu mara mbili pembeni, akaupiga. Duara safi, DAR ES SALAAM lote, tarehe yote. Nilitamani nirudi nayo nyumbani.

Barua yenyewe ndani niliandika mistari miwili tu, dada shikamoo, hizo stempu ni za mkusanyo wangu, naomba zikifika nirudishie.

Wiki mbili baadaye akanipigia kwamba amenitumia kiroba cha viazi kwa basi, nikachukue Mbezi, na zile stempu zangu zimo humo humo kwenye kinailoni. Nikapanda daladala mpaka Magufuli, nikabeba viazi, nikafungua pale pale stendi. Kinailoni kipo, kimefungwa fundo, ndani stempu mbili safi sana, zimebanduliwa kwa uangalifu, zimekaushwa, hazina mchubuko hata kidogo. Kwenye moja kuna kipande cha muhuri, ES SAL.

Nikampigia.

"Umezipata?" akauliza. "Nilizilowesha kwenye sahani nusu saa nzima, sikuzivuta kabisa. Nilijua ukifanya wewe utazichana."

"Nimezipata dada, asante. Bahasha je?"

"Bahasha? Si nimewashia mkaa asubuhi ile ile."